Paa Linavuja, Mvua Haijanyesha

Na muuguzi wa kujitolea, Songea



Ilikuwa asubuhi ya Julai, mwaka 2022. Baridi ya Songea mwezi wa saba haihitaji kuelezwa kwa anayeishi huku. Mama mmoja wa jumuiya yetu alitujia akiwa amembeba mgongoni mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akikohoa, na kifua chake kilipiga filimbi kila alipotoa pumzi. Ilikuwa mara ya nne tangu mwezi wa tano.

Mtoto alipokwisha kuhudumiwa, mama yule aliinamisha kichwa, akasema neno ambalo hatukulitegemea: "Dada zangu, hata nyumba yangu inaumwa. Paa linavuja kila alfajiri, na mvua haijanyesha tangu Mei."

Alitueleza yote. Mumewe alikuwa amemwita fundi mara mbili. Fundi alipanda juu, akabadilisha misumari, akaziba matundu, akalipwa. Fedha zilitoka katika akiba ya ada ya mtoto mkubwa. Matone hayakukoma. Baba akaanza kusema fundi ni mwizi. Fundi akajibu kwamba bati ni zima, na nyumba inayovuja pasipo mvua si kazi ya fundi. Ndipo jirani mmoja akanong'ona kwamba nyumba imechezewa, na jina la mama mkwe likaanza kutajwa pembeni.

Akina mama, mnajua mambo ya namna hii yanakoishia. Tuliona kwamba hapa pana wagonjwa wawili, mtoto na amani ya nyumba. Tukaomba ruhusa ya kwenda kuona.

TUNAUNGAMA KOSA LETU

Kabla ya kueleza tuliyoyakuta, hatuna budi kuungama. Mwaka uliotangulia tulipita katika nyumba ile ile tukiwa katika huduma ya kutembelea familia. Wakati ule watoto walikuwa wakiugua malaria mara kwa mara. Nyumba haikuwa na dari, na juu ya ukuta, pale unapokutana na paa, palikuwa na uwazi mpana wa kupitisha mbu na popo. Tuliwashauri waweke dari, na wazibe kila uwazi.

Walitii. Wakajinyima, wakanunua silingi bodi na mbao, na uwazi wote wa upenuni wakauziba kwa udongo na saruji, upande hata upande. Walifanya hasa tulivyosema. Kumbe sisi tulisema nusu ya neno.

CHUMBA AMBACHO HAKUNA ANAYEKAA

Kati ya bati na dari pana nafasi tunayoiita darini. Hatupiki pale, hatulali pale, wala hatuwekei mgeni kiti. Tunaikumbuka tu panya anapokimbia usiku. Hata hivyo nafasi ile ni chumba kamili. Sakafu yake ni dari yetu, na paa lake ni bati. Kina hewa yake, joto lake na unyevu wake. Kasoro yake ni kwamba hakina mwenyewe, hakuna anayekifungulia dirisha.

Mchana, bati lililopigwa na jua laweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi, joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia. Bati kuukuu lenye kutu hunyonya jua zaidi kuliko lililopakwa rangi nyeupe. Joto hilo hushuka kwa mionzi, kama moto wa kuni unavyotuchoma usoni hata kama mgongoni tunapigwa na upepo. Dari huzuia mionzi ile isimfikie mtoto aliyelala mchana. Hiyo ni faida kubwa, wala hatujutii kuwashauri watu waweke dari.

Usiku mambo hugeuka. Bati likitazama mbingu zisizo na mawingu hupoteza joto lake kwenda juu, hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana alfajiri ya kipupwe tunakuta umande juu ya bati na juu ya majani, ingawa hakuna tone lililoanguka kutoka mawinguni. Mawingu ni kama blanketi. Usiku wa mawingu bati halipoi sana, lakini usiku wa nyota nyingi hupoa kweli kweli. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa nyota wakati wa Juni na Julai tunao mwingi.

Na dari nzuri huongeza jambo jingine ambalo watu wengi hawalitazamii. Zamani joto la chumbani lilipanda likalipasha bati kidogo. Sasa dari imelizuia joto lile lisipande, na bati limebaki na baridi yake. Kwa hiyo mvuke ukipata njia ya kupita katika dari, unakuta huko juu bati baridi kuliko zamani.

MAJI YALITOKA WAPI?

Tulifika nyumbani kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fundi alikuwa amekuja pia kwa ombi la baba. Akaegemeza ngazi kwenye tundu la kupandia darini, lililokuwa ukumbini karibu kabisa na chumba cha kupikia. Tundu halikuwa na mfuniko. Alimulika kwa tochi, akanyamaza, kisha akamwita baba apande aone mwenyewe. Upande wa ndani wa bati ulikuwa umejaa matone, kama mfuniko wa sufuria unapofunuliwa. Papi zilikuwa zimelowa. Upande wa juu wa silingi bodi ulikuwa na kuvu nyeusi, na juu ya kitanda cha watoto kuvu ile ilikuwa imekwisha kupenya hadi upande wa chini.

Bati halikuwa likivuja. Lilikuwa likitoa jasho. Na jasho lile lilitoka kwa wenye nyumba wenyewe.

Hebu tuhesabu pamoja. Mtu mzima aliyelala hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, karibu robo lita ya maji kwa usiku mmoja. Nyumba ile ilikuwa na watu watano. Sufuria ya maharage ikichemka saa mbili bila mfuniko hupoteza lita nzima au zaidi. Nguo za mtoto zilizoanikwa ukumbini kwa sababu ya baridi haziwezi kukauka mpaka maji yake yote yaingie hewani. Kwa familia ya kawaida, siku moja, mvuke wa kupika, kuoga, kuanika na kupumua waweza kufika lita 10. Hatuuoni, lakini upo.

Sasa tazama nguvu ya baridi. Hewa ya nyuzi 20 yaweza kubeba mvuke wa gramu 17 hivi katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ile ile ikipoa hadi nyuzi 9 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi, na kinachozidi hugeuka maji. Tuseme hewa ya nyumbani ina gramu 14, na nafasi ya darini ni mita 60 za ujazo. Hewa hiyo ikigusa bati lenye nyuzi 9, kila mita itaacha gramu 5, na zote kwa jumla zitaacha gramu 300. Hiyo ni zaidi ya glasi moja ya maji, tena kwa hewa ya mara moja tu. Usiku kucha hewa nyingine ya joto inapanda kwa tundu lile lile, kwa maana hewa ya joto ni nyepesi.

Zamani, kabla ya kuziba uwazi, upepo wa upenuni uliuchukua mvuke ule nje. Tulipoziba kila upande tulikifanya chumba cha juu kuwa chungu kilichofunikwa.

Fundi aliposhuka alimtazama baba, akasema, "Mzee, umeona." Baba akampa mkono. Jina la mama mkwe halikutajwa tena.

WATAALAMU HUFANYA HESABU HII KWA KOMPYUTA

Jambo tuliloliona kwa tochi, wataalamu wa majengo hulitabiri kabla nyumba haijajengwa. Zipo programu za kompyuta za kazi hiyo. Moja huitwa WUFI, iliyotengenezwa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani. Nyingine ni EnergyPlus, ya wizara ya nishati ya Marekani. Mtaalamu huingiza vipimo vya kuta na paa, aina ya bati, na hali ya hewa ya mahali pale. Kompyuta huhesabu joto na unyevu saa baada ya saa, saa zote 8,760 za mwaka.

Hata huko nafasi ya darini huwasumbua watu. Wengine hutaka kurahisisha. Hulihesabu paa, nafasi na dari kama tabaka moja nene, kana kwamba ni blanketi. Kwa kukadiria joto la chumba cha chini pengine njia hiyo yatosha. Kwa unyevu inadanganya, kwa sababu inasahau kwamba hewa hutembea. Njia iliyo salama zaidi ni kuihesabu nafasi ile kama chumba kinachojitegemea, ingawa hakina jiko wala kipoza hewa, kisha kujibu maswali matatu: Hewa kiasi gani inaingia na kutoka nje kwa upenuni? Hewa kiasi gani inapanda kutoka nyumbani kwa matundu ya dari? Na bati linapoteza joto kiasi gani kwenda mbinguni usiku?

Swali la pili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Maji yanayopenya taratibu katika ubao wa dari ni machache yakilinganishwa na yale yanayobebwa na hewa ipitayo katika tundu moja lililoachwa wazi.

Akina mama, maswali hayo matatu hayahitaji kompyuta. Sisi wauguzi huandika chati ya joto la mgonjwa asubuhi na jioni, nayo chati hutuambia ugonjwa unakoelekea. Nyumba nayo yaweza kuandikiwa chati. Kwa siku saba za kipupwe, panda na tochi alfajiri, utazame upande wa ndani wa bati. Andika katika daftari: pakavu, unyevunyevu, au matone. Andika pia kama usiku ulikuwa na nyota au mawingu, mlipika nini na wapi, na kama nguo zilianikwa ndani. Baada ya juma moja daftari litakuonyesha lililo kweli.

JE, TURUDISHE MBU?

Mama yule alituuliza kwa uchungu: "Nikifungua upenu, mbu watarudi. Nichague kikohozi au malaria?"

Swali lake ni la haki. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa uwazi ule wa juu ya ukuta. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Gambia, Afrika ya Magharibi. Nyumba zilizowekewa dari ya wavu zilipata mbu pungufu kwa karibu nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa 12 katika kila 100, hali katika nyumba zisizowekewa kitu walikuwa 19.

Tazameni siri iliyomo. Kinachomzuia mbu asimfikie mtoto ni dari isiyo na tundu, wala si kuinyima hewa nafasi ya juu. Kwa hiyo dari izibwe vizuri, na nafasi ya darini iachiwe hewa yake kwa matundu yenye wavu. Tulipaswa kusema hivyo tangu mwanzo.

Hata hapa Tanzania jambo la hewa na mbu limetazamwa kwa pamoja. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, zilijengwa nyumba 6 za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba zilikuwa na ubaridi wa nyuzi 2.3 kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na zile za ghorofa zilipunguza mbu kwa asilimia 96. Jirani zetu wa Mtwara nao walijengewa nyumba 110 za namna hiyo kwa ajili ya utafiti. Hatusemi kila mmoja ajenge ghorofa. Tunasema tu kwamba hewa safi na kinga ya mbu vyaweza kukaa nyumba moja.

TULIFANYA NINI

Tulianza na yasiyogharimu fedha. Jiko lilihamishiwa kwenye kibanda cha nje. Sufuria zikafunikwa. Nguo zikaanikwa nje mchana, na za usiku zikasubiri jua. Kila asubuhi madirisha yalifunguliwa kwa robo saa, hata kama baridi inauma.

Hapa tuseme neno kali. Wakati wa baridi wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, kisha wanafunga mlango na kulala. Msifanye hivyo kamwe. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini.

Kisha yakafuata ya gharama ndogo. Fundi alitengeneza mfuniko wa mbao wa tundu la darini, akauzungushia kitambaa ili ubane. Akaziba nafasi kati ya silingi bodi na ukuta, na matundu ya nyaya za taa. Katika kuta mbili za pembetatu zilizo chini ya paa, mashariki na magharibi, alitoboa matundu mapana karibu na kilele, akayafunika kwa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo. Upepo ukaingia huku ukatokea kule. Mbao mbili za silingi bodi zilizooza ziliondolewa.

Kazi ya kuondoa kuvu ilifanyika watoto wakiwa kwa bibi yao. Ndiyo, kwa mama mkwe yule yule. Waliosafisha walifunika pua na mdomo, wakalowesha kwanza ili vumbi lisiruke, wakasugua papi kwa maji na sabuni, wakaziacha zikauke kabisa. Penye mavi ya popo tahadhari ni hiyo hiyo. Na ikiwa paa lako ni la asbesto, kama lilivyo katika baadhi ya nyumba za zamani, usilikwaruze wala usilitoboe, kwa sababu vumbi lake linadhuru mapafu.

Walio na uwezo zaidi, au wanaotazamia kujenga, waongeze upenu mrefu wa kukinga ukuta na jua, na rangi nyeupe juu ya bati. Hayo husaidia joto la mchana la Oktoba na Novemba.

Tuwe wakweli kuhusu masika. Mvua inapoanza Novemba hewa ya nje nayo huwa na unyevu mwingi, na matundu hayawezi kukausha sana. Miezi hiyo kazi kubwa ni kupunguza mvuke wa ndani, na kuhakikisha kwamba bati halivuji kweli.

MTOTO ALIKUWAJE?

Matone yalikoma kabla mwezi wa nane haujaisha. Filimbi ya kifuani ilipungua, na masika yale mtoto aliletwa mara moja tu. Hatusemi kwamba nyumba peke yake ilimponya. Alianzishiwa pia dawa ya kuvuta, na hadi tunapoandika bado anaitumia anapopatwa na mafua. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza wazi kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu wana hatari zaidi ya pumu na magonjwa ya kifua. Dawa peke yake haitoshi mtoto akirudishwa kila usiku chini ya dari iliyolowa.

Tena, nyumba isiwacheleweshe kwenda hospitali. Mhesabie mtoto pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, na mwenye mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, mpeleke siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, msisubiri hata kupambazuke. Na chandarua kiendelee kutumika kila usiku, dari iwepo isiwepo.

NENO LA MWISHO

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, tunasoma habari ya nyumba yenye pigo. Mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu ukutani alipaswa kumwambia kuhani. Kuhani hakuanza kwa kumtafuta mchawi. Aliagiza vyombo vitolewe, akaingia akatazama, akaifunga nyumba siku saba, akarudi kutazama tena. Pigo likiwa limeenea, mawe yaliyoharibika yalitolewa, kuta zikakwanguliwa na kupakwa upya. Mungu aliwafundisha watu wake kutazama kwanza, na kutazama mara ya pili, kabla ya kutoa hukumu.

Sisi tulitoa ushauri bila kurudi kutazama, na familia ikalipa gharama yake. Tangu hapo katika huduma yetu tumejiwekea desturi: nyumba tuliyoishauri tunaitembelea tena kipupwe kinachofuata, tukiwa na tochi. Mama yule sasa ndiye anayetushikia ngazi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni nani kati yetu amewahi kutazama juu ya dari yake alfajiri ya kipupwe? Aliona nini?
2. Mvuke wa kupikia katika nyumba zetu unatokea wapi?
3. Je, yupo jirani aliyelaumiwa kwa tatizo ambalo hatukulichunguza? Tufanye nini ili turudishe amani?